Ukuta wa Ushuhuda

Walimwita Fundi Herufi, na jina hilo lilikuwa la utani, maana hakujua kusoma hata moja. Alijua kuzichora. Ukimpa karatasi aliigawa kwa penseli miraba miraba, akaugawa na ukuta vivyo hivyo, kisha akahamisha mraba kwa mraba. Kichwa cha herufi kiko hapa, mkia uko pale. Miaka thelathini na moja alifanya hivyo: mabango ya maduka, ubavu wa malori, na kuliko vyote, ukuta mrefu wa kanisa unaotazama barabara.

Macho yake ya kusomea yalikuwa mkewe. Fundi akimaliza mstari, mkewe anasimama chini ya ngazi na mwavuli, anausoma kwa sauti.

"Hapo umeandika 'Karibuni wote.' Na mimi nimo?"

"Wewe rudi nyumbani, jua litakuchoma."

"Sirudi mpaka uniambie kama nimo."

Miezi saba sasa hakuwapo. Figo zilichoka. Fundi alikuwa akimaliza mstari, anatazama chini ya ngazi, anahamia mstari mwingine.

Jumatatu hiyo aliitwa ofisi ya mawasiliano ya kanisa. Zamani kilikuwa chumba cha kuwekea viti. Sasa kilikuwa na skrini tatu, taa za miguu mirefu, nyaya zilizojikunja sakafuni na feni inayokoroma. Msimamizi wake alikuwa binti wa dada wa marehemu. Marehemu ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita. Waumini walimwita Dada Mitandao.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Wiki ya maombi inaanza Jumapili. Hata chai nakunywa nimesimama." Akampa karatasi. "Ukuta mzima nataka uwe huu."

Fundi aliitazama muda mrefu. Ulikuwa uso wa mkewe, siku ile aliyosimama madhabahuni kutoa ushuhuda, miaka miwili nyuma, na kitambaa cha kijani kichwani. Chini ya uso kulikuwa na mistari miwili ya herufi nene.

"Maneno yanasemaje?"

"Ya kwake mwenyewe, baba mdogo. Ya ushuhuda wake. Video yake tumeirusha juzi, haijawahi kutokea video ikatazamwa hivyo." Simu ikalia, akaipokea, akageukia skrini.

Fundi hakuuliza tena. Maneno ya mkewe aliyajua. Ndivyo alivyodhani.

Siku mbili nzima alichora uso. Macho yalimsumbua. Kila akiyaweka sawa, yalimtazama kama mtu anayetaka kusema kitu, akayafuta akaanza upya. Siku ya tatu akachora herufi, nyeusi, kila moja ndefu kama mkono wake. Watu walisimama barabarani. Wengine walipiga picha. Wengine walinyamaza tu wakatikisa kichwa, na Fundi alidhani ni heshima kwa marehemu.

Alhamisi asubuhi alikuwa akimalizia ukingo wa kitambaa alipofika Mama Cherehani. Alikuwa mshonaji, chumba chake kiko mtaa wa nyuma, na alikuwa rafiki wa marehemu wa kufa na kuzikana. Walikutana kliniki ya sukari. Wote wawili walikuwa wa sindano, kila siku, bila likizo. Mikononi alishika chupa kubwa ya maji, anakunywa kila dakika.

"Shemeji, umemfufua mwenzangu!"

"Nimejaribu. Macho yamenishinda."

"Macho ni yenyewe. Nilikuwa nataka kukugombeza, lakini..." Akafuta midomo. "Mbona mlinificha? Wewe na yeye. Miaka yote tunachomana sindano pamoja, kumbe mwenzangu alishaacha!"

Fundi alishuka ngazi. "Aliacha nini?"

"Sindano. Si umeandika mwenyewe?" Akanyoosha kidole, akasoma kama mtu anayesoma risala. "Niliacha sindano. Niko hai."

Barabarani lori lilipita likapiga honi. Fundi hakugeuka. Alizitazama zile herufi zake, mraba kwa mraba, zimenyooka, hazina doa.

"Rudia."

"Niliacha sindano. Niko hai. Sasa wewe unashangaa nini? Msikie mwenyewe." Akatoa simu, akaibonyeza. Sauti ya mkewe ikatoka, ile ile, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Niliacha sindano. Kisha makofi, na muziki. Niko hai.

"Hakuacha," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namchoma. Mpaka asubuhi ya mwisho."

Mama Cherehani akacheka, lakini si sana. "Shemeji, sauti ni ya nani hiyo?"

"Ni yake."

"Basi."

"Wewe umechoma leo?"

"Tangu Jumatatu usiku sijachoma. Na nasikia mwepesi! Kiu tu ndiyo inanikera." Akanywa tena. Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasuka kama ya mtu aliyetoka safari ndefu. "Usininunie, shemeji. Mwenzangu ameniita, na mimi nakwenda."

Akaondoka. Fundi alimwona akisimama mara mbili kabla ya kona, ameshika ukuta.

Aliacha ngazi pale pale, akaenda ofisini na brashi mkononi, inadondosha.

"Baba mdogo, zulia!"

"Nataka kumsikia mama yako mdogo. Ushuhuda wote. Tangu alipoanza mpaka alipokaa."

Dada Mitandao alimtazama usoni, akaacha habari ya zulia. Akaitafuta ile ya awali, isiyokatwa, dakika kumi na moja. Marehemu akatokea kwenye skrini, anarekebisha kitambaa, anauliza kama kipaza sauti kinasikika mpaka nyuma, watu wanacheka. Fundi alishika mgongo wa kiti.

"Kuna mwaka niliacha sindano," marehemu alisema. "Nilijiona nimepona. Nilianguka jikoni, mume wangu akanibeba mgongoni mpaka hospitali, na mgongo wenyewe mnaujua. Mungu alinirudisha. Daktari akanigombeza kama mtoto. Tangu siku hiyo sijakosa kuchoma hata mara moja, ndiyo maana mnaniona niko hai."

Binti akasimamisha. Feni ilikoroma.

"Nani amekata?"

"Mkataji wa video. Anaambiwa atafute maneno yenye nguvu, yasizidi nusu dakika. Ikizidi hapo watu wanapita." Sauti yake ilishuka. "Hakuongeza neno, baba mdogo. Alipunguza tu."

"Na wewe ukapitisha."

"Kwa wiki napitisha video arobaini. Hii..." Akajifunika mdomo kwa kiganja. "Niliona uso wake, nikazima sauti. Sikuweza kumsikia. Nikaipitisha hivyo hivyo, bubu. Maneno ya karatasi nikayanakili kutoka maandishi ya chini ya video, bila kuyafikiria."

Fundi alikaa. Hilo alilielewa. Hata yeye nyumbani kuna kanga ya mkewe hakuwa ameigusa.

"Iondoe."

"Imepangwa itoke yenyewe asubuhi, mchana na jioni, mpaka Jumapili. Mchungaji ameijengea wiki nzima. Nikiiondoa bila yeye nimejifukuza kazi."

"Mpigie."

Alipiga. Ilikuwa imezimwa. Mchungaji alikuwa angani, anarudi na mgeni wa kuhubiri. Atatua kesho mchana.

"Mama Cherehani ameacha tangu Jumatatu," Fundi alisema.

Binti aligeuka taratibu. "Mama Cherehani yupi? Huyu wetu?"

"Huyu wetu."

"Mwambie, baba mdogo. Kamwambie tu, atakusikia."

Alikwenda akamwambia. Mama Cherehani alikuwa amelalia cherehani, gauni la watu limekwama chini ya sindano ya mashine. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Shemeji, wewe hata kusoma hujui. Mwache mwenzangu aseme." Alinukia matunda yaliyoiva kupita kiasi, na ndani mle hapakuwa na tunda.

Ijumaa Fundi alifika ukutani mapema. Chini ya uso wa mkewe, kwenye ukingo wa saruji, kulikuwa na vitu vimepangwa. Alidhani ni maua.

Zilikuwa sindano. Maboksi yake, chupa ndogo za dawa, nyingine zimejaa hazijafunguliwa, zinapigwa jua. Alihesabu mpaka kumi na nne akaacha. Kijana mmoja aliyevaa sare ya kazi akapita, akainama, akaweka boksi lake juu ya mengine, akasimama kidogo mbele ya uso, akaenda zake anapiga mluzi.

"Wewe! Chukua!"

Kijana aligeuka, akampungia mkono kwa furaha.

Boksi moja lilikuwa limefungwa na uzi mwekundu wa kushonea, mafundo mawili. Fundi alilitia mfukoni.

Kisha akafungua ndoo ya rangi nyeupe. Alianza na maneno. Herufi zilizomchukua siku nzima zilikwenda kwa mipigo ishirini. Alipofika kwenye uso, mkono ulisita. Akajua kwamba maneno yakifutika na uso ukabaki, wataendelea kuja. Ni yeye waliyemfuata. Akaanzia kidevu. Macho akayaacha mwisho, akayafunika kwa haraka, bila kutazama, kama alivyoyafumba ya kweli kule wodini.

Nyuma yake watu walikusanyika.

"Mzee amerukwa na akili!"

"Shuka! Unamfuta shahidi wa Bwana!"

"Huyo ni mkewe, nyie."

"Ndiyo kwanza! Wivu mpaka kwa marehemu?"

Mtu akavuta ngazi. Fundi akaikumbatia. Ndipo Dada Mitandao akatokea getini anakimbia, kiatu kimoja mkononi. Alimshika aliyevuta ngazi, akamsukuma pembeni, yeye mwembamba vile. Alipoona ukingo wa saruji akasimama kama aliyegonga kioo.

"Wamezileta kweli," alisema.

"Nani aliwaambia walete?"

"Watu wanauliza kwenye ujumbe, wanauliza wafanye nini na dawa zao. Ujumbe ni mwingi, hakuna wa kuujibu wote. Tuna jibu moja tulilolipanga, linakwenda lenyewe kwa kila anayeuliza chochote. 'Leta mzigo wako, Bwana anapokea.'" Akaokota chupa moja, ilikuwa ya moto. "Wamejibiwa hivyo, baba mdogo. Wote."

"Zima."

Hakumtaja Mchungaji. Alitoa simu, akabonyeza, akabonyeza tena. Watu waliendelea kupiga kelele. "Nimeiondoa," alisema. "Na lile jibu nimelizima. Nitaweka ushuhuda wake mzima. Lakini hii iliyokatwa wameshaichukua. Iko kwenye simu zao, wanapeana. Siwezi kuifuata huko."

Mbele yao kabisa, katika kundi lile lile, sauti ya marehemu ilitoka kwenye simu ya mtu. Niliacha sindano.

"Twende kwa Mama Cherehani," Fundi alisema. "Mchukue mama yako mdogo, humo humo kwenye simu."

Chumba cha mshonaji kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Waligonga. Fundi aliita shemeji, akaita Mama Cherehani, mwisho akamwita kwa jina lililotumiwa na marehemu peke yake, jina la kijinga la wasichana wawili kliniki. Ndani kitu kikaanguka. Fundi akapiga mlango bega, umri ule, mara tatu, komeo likang'oka.

Alikuwa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Alipumua haraka na kwa kina, kama mtu aliyekimbia na bado anakimbia. Macho yalikuwa wazi. Dada Mitandao akapiga magoti, akamwekea simu sikioni, sauti juu kabisa. Marehemu akauliza kama wa nyuma wanamsikia. Akasema alianguka jikoni. Akasema tangu siku hiyo hakukosa.

Midomo ya Mama Cherehani ilisogea. Fundi akainama.

"Mbona... hakuniambia hivi?"

"Alisema," Fundi alijibu. "Ndiyo alivyosema."

Hospitalini walimpeleka mbio nyuma ya pazia. Daktari alisema harufu ile ya matunda ni ya sukari iliyopanda, akauliza ameacha dawa tangu lini, akaandika, akatoka tena baada ya kitambo. Alisema amewahiwa, lakini kwa unywele, na bado wanapigana. Kisha akauliza swali lingine, la taratibu.

"Huko kwenu kuna nini? Huyu ni wa tatu leo. Wa kwanza hakufika hai."

Dada Mitandao akauficha uso mapajani. Fundi alimwekea mkono mgongoni. Ulikuwa na rangi nyeupe, ikaacha alama kwenye gauni.

"Alikuwa nani?" Fundi aliuliza.

"Siwezi kukuambia jina. Mwenye mgahawa wa karibu na stendi. Ana watoto wadogo."

Daktari akarudi ndani. Fundi alikaa kwenye benchi, akautazama mlango mkubwa wa kuingilia. Hakujua walikuwa wangapi. Binti naye hakujua. Skrini ilihesabu macho tu, haikuwa na majina wala mitaa. Alimfikiria kijana wa sare anayepiga mluzi. Hakujua hata anafanya kazi wapi.

Nje gari likafunga breki, milango ikafunguliwa kwa kishindo. Fundi akasimama aone nani analetwa.