Dozi Iliyokubali Mapema

Nilikwenda Matombo kumrudisha mgonjwa aliyepona kabla hatujamtibu. Bi Zaina, mkulima wa karafuu, ana saratani ya mlango wa kizazi. Siku ya kuanza mionzi hospitalini kwetu Dar es Salaam hakutokea, na nilipompigia simu alijibu kwa furaha, "Mwanangu, dozi si nimemaliza? Umeniambia mwenyewe."

Ni kweli, nilimwambia. Kazi yangu ni kupima mionzi. Mashine yetu humzunguka mgonjwa huku ikimpiga mionzi, na ikikosea kidogo huunguza kibofu na kuuacha uvimbe unacheka. Basi kwanza tunalaza sanamu ya plastiki iliyojaa vipimo, tunaipiga dozi ya mgonjwa, tunaangalia kama iliyofika ndiyo iliyopangwa. Ilipolingana nilitoka kifua mbele: "Bibi, dozi yako tumeshaipiga, imekubali!" Naye asubuhi ile alikuwa ametoka kulazwa kwenye mashine ya picha, nayo inazunguka. Dawa ikikubali, mtu anangoja nini? Akaenda zake.

Alfajiri tuliondoka na gari la hospitali. Mafiga tulikunywa chai. Baada ya Kiroka barabara ilituonyesha rangi yake, na dereva akaacha kuzungumza.

Mchana, Matombo. Uwanja wa Bi Zaina ulikuwa umejaa watu, na pilau ilinukia hadi barabarani. Ilikuwa dua ya shukrani kwa kupona kwake. Nikakaribishwa kwa vigelegele, nikaketishwa mkekani kando ya shehe, nikapewa paja la kuku. Sijawahi kusifiwa vile kwa kazi ambayo sijaifanya.

Nilimwomba tuzungumze nyuma ya nyumba.

"Shikamoo tena, bibi."

"Marahaba. Mbona huli?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dozi yangu mmeipa sanamu."

"Ndiyo, bibi."

"Inaumwa?"

"Hapana."

"Asiyeumwa mmempa dawa, mgonjwa mmempa hongera." Kisha akashusha sauti. "Damu imeanza tena juzi. Nikasema labda ndiyo uchafu unatoka."

Niliogopa. Uvimbe ule ulikuwa bado unatibika, na mimi nilikuwa nimeupa likizo.

Nilidhani atawaficha wageni. Akatoka, akasimama katikati ya sinia za pilau. "Jamani, sijapona. Sijaanza hata kutibiwa."

Shehe akauliza sasa dua waliyosoma iweje.

"Itangulie," akasema. "Hata hawa wataalamu huanza na majaribio. Kuleni."

Jioni tuliteremka naye, mkungu wa ndizi ukiwa mbele, sisi nyuma. Njia nzima nilitunga maelezo bora zaidi ya kipimo chetu, yenye mifano.

Asubuhi iliyofuata alilala mezani, mashine ikamzunguka yeye mwenyewe. Nilipoingia kumsaidia kuinuka, nikafungua mdomo. Akanizuia kwa kiganja.

"Usiniambie imekubali, mwanangu. Niambie kesho nije saa ngapi."