Mkanda Mwekundu wa Kinyozi Hatibu

Panya waliutafuna mkanda wa kunolea wembe wa Hatibu kinyozi mwaka ule mvua za vuli zilipochelewa Arusha. Asubuhi aliukuta chini ya msumari wake, umebaki kipande kisichozidi kiganja. Ulikuwa wa baba yake, Mzee Sefu, aliyetoka Kondoa kutafuta maisha mara Waingereza walipoichukua nchi. Miaka zaidi ya ishirini mzee yule aliupitishia wembe, kwenda na kurudi, na jasho la mikono yake likaingia ndani ya ngozi. Labda ndiyo maana panya waliupenda.

Wembe wenyewe ulikuwepo, wa Kijerumani, mpini wa pembe. Lakini wembe bila mkanda si wembe. Jiwe linatoa makali. Ngozi inayalainisha, inayaondolea vijino ambavyo jicho haliwezi kuviona. Wembe uliotoka kwenye jiwe na kwenda moja kwa moja kichwani unakwangua.

Na siku kumi na mbili mbele, Ijumaa, ilikuwa arobaini ya mjukuu wa Bi Mwanahalima, siku ya kumnyoa nywele alizozaliwa nazo. Chiku, binti wa bibi huyo, alikwisha kuzika watoto wawili kabla hawajafikisha siku za kunyolewa. Huyu wa tatu alikuwa ananyonya, analia, ananenepa, na nyumba nzima ilitembea kwa vidole vya miguu kana kwamba furaha ikisikia kishindo ingekimbia. Bi Mwanahalima alikuwa amekuja mwenyewe kibarazani ambako Hatibu alinyolea.

"Nataka mkono wa mwana wa Sefu," alisema. "Lakini nakwambia mapema, Hatibu. Lisitoke hata tone la damu. Mwanangu ameona vya kutosha."

"Halitatoka, Bi Mkubwa," Hatibu akajibu. Siku ile mkanda ulikuwa bado mzima.

Kwanza alikwenda dukani kwa Mhindi mmoja, barabara ya sokoni. Mkanda ulikuwepo, una kulabu ya shaba, unanukia kama viatu vipya. Bei yake ilikuwa kodi ya chumba na unga juu yake. Aliupapasa, akaushukuru kwa macho, akautundika ulipokuwa. Akaenda kwa Philemoni, fundi viatu, ambaye alimtolea ukanda wa ngozi ya soli.

"Huu utaukuta Kiyama," Philemoni alijisifu.

Hatibu aliukunja, ukalia kama kuni. "Huu ni wa kunyolea kifaru, Philemoni."

"Basi kanyolee jani la mgomba!"

Alipokuwa anakata katikati ya soko akirudi, aliuona mkanda alioutaka mahali ambapo hakuutazamia: umefunga vibuyu vya maziwa vya mama mmoja Mwarusha. Ulikuwa wa ngozi ya ndama, mwekundu kwa udongo, unang'aa. Aliinama, akaupitisha kidole gumba. Laini, lakini haulegei.

"Takwenya, yeyo," alisalimu. Kimaasai chake kiliishia hapo.

"Iko," mama aliitikia salamu. "Unataka maziwa?"

"Nautaka mkanda, mama."

"Una mbuzi anatoroka?"

"Nataka kunolea wembe. Mimi ni kinyozi."

Mama yule, Nashipae, alimtazama kuanzia kofia hadi ndala za ngozi. "Mwanamume mzima unanyoa watu? Mama zao wamekufa wote?"

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Kwa Waarusha kunyoa ni kazi ya wanawake. Hata kijana aliyemaliza ujana wake porini, akarudi na nywele ndefu, ni mama yake anayemkalisha na kumnyoa. Hatibu alicheka pamoja nao, maana mtu akicheka bei hushuka. Aliuchukua mkanda kwa shilingi mbili pamoja na nusu ratili ya sukari, naye Nashipae akafunga vibuyu vyake kwa kamba ya mgomba.

Nyumbani mkewe, Zamda, aliunusa akaurudisha.

"Baba Omary, hiki kimepakwa mafuta ya nini?"

"Ya ng'ombe."

"Aliyechinjwa na nani? Si nasikia Waarusha, ng'ombe wa tambiko humziba pumzi mpaka afe? Uyatoe mafuta ya mzoga, uyatie kwenye wembe, wembe uende kwenye kichwa cha mtoto wa arobaini?"

Mwalimu wa chuo cha Kurani alikwisha kuwaambia kwamba ngozi ikishatengenezwa ni twahara, haina najisi. Mafuta hakuyataja. Hatibu alilala na jambo hilo, na asubuhi akachukua sabuni ya mche, majivu na gunzi, akausugua mkanda karaini. Maji yalitoka mekundu mara tatu. Mara ya nne yalitoka meupe, akaridhika, akauanika juani.

Ulikauka ukawa kama ganda la mgomba. Aliujaribu hivyo hivyo, siku tano kabla ya Ijumaa, kwa Elisaria, karani wa boma, mtu mpole asiyelalamika.

"Hatibu," Elisaria alisema akishika kidevu, "unaninyoa au unanipalilia?"

Kwenye kidole chake palikuwa na damu. Hatibu aliitazama ile damu, na mahali pa kidevu cha karani akaona utosi wa mtoto.

Jumatatu alfajiri aliufunga mkanda kwenye kanzu kuukuu akapanda barabara ya Nairobi. Alipita Sakina umande ukiwa bado haujakauka, akaiacha barabara, akapanda kuelekea Olmotonyi. Mlima Meru haukuonekana, wingu lilikuwa limeukalia tangu mabegani. Aliuliza kwa Nashipae muuza maziwa, akaelekezwa mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kweli.

Alimkuta uani amemkalisha mjukuu wake, Simel, anamnyoa. Kando yake palikuwa na kibuyu kilichokatwa, ndani mna maji yaliyochanganywa na maziwa. Alichovya, akalowesha, akanyoa. Ngozi ya kichwa ikatokea nyuma ya wembe, laini na nyeusi. Hatibu alisimama akitazama kazi yake mwenyewe ikifanywa vizuri kuliko anavyoifanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni yule mwanamume anayenyoa!" Kisha akauona mkanda. Aliweka wembe chini ili acheke. "Umeufua! Watu wa mjini! Umeufua kama shuka!"

Hatibu angeweza kusema panya, au mvua. Lakini alikuwa ametembea mbali mno kuja kusema uongo. Alimweleza yote: mafuta, mzoga, na maiti wawili wadogo wa Chiku. Kicheko cha Nashipae kikapungua hadi kikaisha.

"Wawili?" aliuliza.

"Wawili."

Alimfuta Simel kichwa, akaingia ndani, akatoka na bonge la olkaria, ule udongo mwekundu wanaojipaka.

"Mafuta yalikuwa ya ngozi, isipasuke. Kinachofanya kazi kwenye wembe ni huu." Alimwonyesha: usage, uutie kwenye maji, uache mchanga uzame; yale maji mekundu ya juu uyamimine pembeni, na yakikauka, ule unga laini kama poda ndio unaopaka. "Mchanga ukibaki umeuharibu wembe. Mafuta katafute kwa wachinjaji wenu, ama samli. Udongo haukuchinjwa na mtu."

Zamda alipoyasikia hayo aliingia jikoni. Alileta kopo lake la samli mwenyewe. Siku mbili waliukanda mkanda kwa zamu, mpaka ukakubali kukunjika. Hatibu alipaka unga mwekundu kwa ncha ya kidole, kidogo, kisha kidogo tena, na Alhamisi jioni aliupitisha wembe mara thelathini, akausogeza juu ya mkono wake. Vinyweleo vilianguka kabla hajahisi kitu.

Ijumaa, nyumbani kwa Bi Mwanahalima, wanawake walikuwa wameketi mkekani. Hatibu alifunga mkanda kwenye komeo la dirisha akaanza kunoa. Bi Mwanahalima akasimama.

"Hiyo ni nini kwenye vidole vyako? Ni damu?"

Chiku alimvuta mtoto kifuani.

"Ni udongo, Bi Mkubwa. Wa mlimani." Alimpa mkanda aushike. Bibi aliusugua, akaunusa, akautazama wekundu kwenye kidole chake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Unanukia samli," alisema hatimaye, akaketi.

Hatibu alinawa mikono, akauosha wembe, akaomba maji ya moto yaliyotiwa maziwa kidogo. Wanawake walitazamana, lakini waliyaleta. Akalowesha. Utosi ulikuwa unapumua chini ya vidole vyake, taratibu, kama kitu kisichojua kwamba kinaangaliwa. Alianzia sikioni. Nywele zilikuja zenyewe, nyepesi, zikaanguka kwenye sinia. Mtoto alipiga mwayo mara moja, akalala.

Alipomaliza, Chiku alichukua kitambaa cheupe, akampangusa mwanawe kichwa kizima, nyuma ya masikio na shingoni. Akakikunjua. Akakigeuza upande wa pili. Akakipeleka dirishani penye mwanga.

"Mama," alisema, "ni cheupe."

Bi Mwanahalima akainuka. Alifungua mkanda komeoni kwa mkono wake, akaukunja, akamkabidhi Hatibu.

"Uutundike juu," alisema. "Habari za panya wako nimezisikia, huu wasiufikie. Huyu atapata wadogo zake."

Chiku akacheka, kwa sauti, bila kuogopa kumwamsha mtoto.