Kinanda Safi cha Kanisa

Someni hii, halafu mniambie kama huyu jamaa wa kule Kola anayeniuzia kinanda ni mwongo.

Natafuta kinanda changu cha kwanza cha sinthesaiza, cha kupiga roki ya progresivu. Nataka ogani, fidla na zile sauti za ajabu, zote ndani ya kimoja.

Jamaa hupigia kwaya kanisani na chake, nami nikaenda kukiona wakiwa mazoezini. "Kasee, rafiki yangu, iko sawa kabisa," akaniambia.

Lakini mbona anagusa kii nyeupe pekee? Kwaya ikipandisha wimbo, anabonyeza tu kitufe kinachohamisha noti zote juu, anaendelea na kii zile zile.

Nikashuku. Nikagusa nyeusi moja. Kimya. Nyingine. Kimya. Karibu zote!

"Ulikuwa unanificha?"

Akazijaribu mwenyewe, akashtuka. Kisha akanikazia macho.

"Wewe umezifanya nini? Miaka yote hizo nyeusi hazijawahi kunisumbua."