Nukta Nene Katikati ya Darasa

Tuliokuwepo ni mimi, mdogo wangu Neema, mwalimu wake Kihwele, wanafunzi wenzake kumi na wanane, na Tumaini wa Igawa, naye mwanafunzi, mtoto mgongoni. Nawataja wote ili msije mkasimuliwa na mwingine, maana aibu yenyewe ni yangu.

Neema anasoma chuo cha Iringa kwa mtandao akiwa kwangu Mbeya, na simu yake ilipokufa nikamwambia atumie yangu, basi namba yangu ikaingia kwenye grupu la darasa. Kutwa simu ninayo mimi gengeni Mwanjelwa (nauza viazi, shule niliacha kidato cha pili tulipomzika mama, baba akiwa ametangulia). Asubuhi moja mtu akaandika, "Habari za kuamka wapendwa," grupu zima kimya. Sikulelewa kuacha salamu ya mtu chini, nikajibu. Kesho yake nikajibu tena, halafu nikawa natoa pole, nauliza mtoto wa Tumaini ameamkaje, aliyekwama kwenye swali namwambia asikate tamaa, na jioni Neema anaandika mambo yake ya shule mistari miwili, analala.

Mwisho wa muhula wakaitwa chuoni kwao Mlandege, Iringa, nikamsindikiza. Mwalimu akaonyesha picha ukutani: kila mwanafunzi ni nukta, kila aliyemjibu mwenzake kwenye grupu amechorewa mstari hadi kwake, na mwenye mistari mingi nukta yake inanenepa. Kushiriki huko kuna alama, na ukizikosa unarudia somo. Katikati palikuwa na nukta nene kama kiazi.

"Huyu ni Neema," akasema. "Simama utueleze unawasaidiaje wenzako."

Neema akasimama, akaniangalia. Nikainuka na kikapu changu.

"Shikamoo mwalimu. Hiyo nukta ni mimi."

"Kumbe ndiye aliyeniambia ninywe uji kwanza ndipo nifanye takwimu," mmoja akasema, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu akaiondoa nukta yangu, Neema akapewa wiki mbili ashiriki mwenyewe. Hapo nikaona pembeni nukta moja imebaki haina mstari hata mmoja.

"Ile ni mimi," Tumaini akasema taratibu. "Nilikuwa na wewe tu, dada."

Nimeapa kutogusa tena grupu la watu. Lakini wiki ile kabla ya safari Tumaini alikuwa ameniandikia, "Dada, nikifeli niache chuo?" nikasoma, wateja wakanijaa. Sasa kila nikianza kumwandikia nafuta, maana mimi niliyeacha kidato cha pili nitamwambia nini. Jibu lake nadaiwa hadi leo.