Namba za Mchina Zilinitoa Meno

Watu huniuliza kwa nini sina meno ya mbele. Nikiwaambia ni sababu ya telegramu ya Mchina, wanacheka.

Leo wacha niseme yote.

Mwaka ni 1986. Mimi, Nicanor Wepukhulu, nilikuwa karani wa telegramu posta hapa Eldoret. Kulikuwa na injinia Mchina, Bwana Liu, akijenga daraja upande wa Plateau. Kila Ijumaa analeta fomu ya kutuma kwao.

Fomu haikuwa na neno hata moja. Namba tupu, nne nne, mistari kumi.

"Bwana Liu, hii ni nini?"

Akatoa kitabu kidogo mfukoni. "Herufi yetu ni maelfu, rafiki. Waya hawezi kubeba. Kila herufi iko na namba. 0022 ni katikati. 0948 ni nchi. Pamoja, ni China."

Kule Beijing karani mwenzangu anafungua kitabu kama hicho na kurudisha namba kuwa maneno. Ukikosea namba moja, neno linageuka kabisa. Kwa hivyo nilikuwa makini sana.

Makini ndiyo iliniponza. Nilikuwa naweka nakala za zile fomu kwa droo.

Mwaka huo serikali ilikuwa inasaka watu wa vikaratasi vya siri vya kuipinga. Jumatatu, saa nne asubuhi, wanaume wawili wa makoti wakafungua droo yangu.

"Wewe ndio unatuma code?"

"Afande, ni barua za Mchi—"

Ngumi. Nikaanguka juu ya mizani ya vifurushi.

Nikajipata kwa chumba bila dirisha, uchi, maji mpaka magoti.

"0948 ni bunduki ngapi?"

"Ni nchi, afande!"

"Nchi gani mnataka kupindua?"

Mguu wa kiti ukatua mdomoni. Nikatema meno, nikasikia yakidondoka kwa maji.

"Muulizeni Mchina mwenyewe!"

"Mchina ni mgeni wa serikali. Wewe ni nani?"

Siku ya tatu waliweka vidole vyangu kwa mlango wa chuma. Wakafunga polepole.

"Taja mwenzako."

Nikamtaja Thuo.

Thuo alikuwa karani wa stempu, tulikaa meza moja miaka mitatu. Hakujua chochote. Alikuwa likizo kwao Burnt Forest, na nilijidanganya kwamba hawatampata.

Walimtoa shambani na matope ya viazi bado kwa miguu. Nilimsikia kwa ukuta akilia. Nikaziba masikio na hii mikono iliyovimba.

Siku ya sita Liu alikuja na kile kitabu. Akafungua namba moja moja mbele ya mkubwa wao, maneno yakatoka. Simiti imechelewa. Mama, mguu umepona?

Mkubwa akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe ni mguu wa mama! Toeni huyu."

"Na Thuo, afande?"

"Huyo amesaini. Asubuhi alikuwa kortini."

Miaka minne jela.

Alipotoka nilienda kwake. Nilimkuta akichagua mbegu, anachechemea. Nikapiga magoti.

"Thuo, ni mimi nilikutaja."

"Najua. Walinisomea maneno yako."

"Nisamehe. Kama Liu angekuja na kitabu mapema..."

"Kitabu?" Akaniangalia. "Nico, kitabu kama hicho walikuwa nacho kabla Liu aje. Kilikuwa mezani wakinipiga. Walijua ni barua. Walitaka tu mtu wa kupeleka kortini, na walitaka mmoja wetu amtaje mwingine mbele ya hakimu."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasaini nilikuwa peke yangu. Wewe una watoto."

Yeye akanivutia kiti, akamwambia mkewe, Wahu, alete chai.

Wewe unayesoma, usijigambe kwamba huwezi kumuuza rafiki. Hujafungiwa vidole kwa mlango. Lakini kama ulishamuuza, enda umwambie angali hai, hata kama umechelewa, hata kama anajua. Utakachosikia huko kinaweza kukuumiza kuliko kipigo. Enda tu.