Aliyekalia Kiti Kitupu Angani

Unaweza kucheka, wengi hapa Kisumu wamecheka kabla yako. Lakini mimi ni muuguzi, nimezoea kusema nilichokiona na kunyamaza nisipojua. Hiki nilikiona.

Siku hizi si lazima uwe mwanajeshi au mwanasayansi ili ufike angani. Kampuni moja ya ng'ambo iliwakaribisha raia wa kawaida, na jina langu likatoka kwenye bahati nasibu. Chombo kinapanda kwa nguvu, kinafika mahali ambapo mwili hauna uzito, mnaelea dakika chache, halafu kinashuka. Asubuhi ya safari mzee mmoja katika kundi letu alishikwa na homa, akaachwa. Kiti chake, kando yangu, kikabaki kitupu. Nilikitazama wakati mlango unafungwa. Hakikuwa na mtu.

Tukapaa. Niamini, kifua kilibanwa kama nimelaliwa na ng'ombe. Kisha kimya. Dirishani, asubuhi ile ile, kukawa giza totoro, na dunia inang'aa chini yetu. Rubani akaturuhusu kufungua mikanda. Nikageuka.

Kiti hakikuwa kitupu tena.

Alikuwa Otieno, kaka yangu. Miaka mingi iliyopita alitoka ufuo wa Dunga kwenda ziwani kuvua omena, wale dagaa wetu. Mashua ilipatikana imepinduka, yeye hatukumpata. Kwetu mtu akipotea hivyo, watu huzika tunda la mti wa yago badala ya mwili, ili roho yake itulie. Mama alikataa katakata. Atazikaje tunda na mwanawe anaweza kurudi? Kila jioni alishuka ziwani kumngoja.

Sasa huyu hapa, kijana vile vile, shati limelowa, matone ya maji yakimtoka na kuelea kati yetu.

"Nyaminwa," akaniita, yaani dada yangu. "Mama bado anashuka ziwani?"

"Bado."

"Mwambie apumzike. Mimi nilishafika."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini ulikuwa mkono. Nikamsikia rubani akituamuru turudi vitini. Sikujali. Wewe ungemwachia? Uzito ulikuwa unarudi, na ambaye hajafunga mkanda angeangushwa vibaya. Otieno akanisukuma kitini, akanifunga mkanda yeye mwenyewe.

"Usinifuate," akasema. "Una watu nyumbani."

Chombo kikatikisika, nikafumba macho. Nilipofumbua, hakuwepo.

Tulipotua, mkono wa suti yangu ulikuwa umelowa chapachapa. Mafundi wakasema ni jasho. Jasho gani linanuka ziwa?

Nilimweleza Mama jikoni kwake, kabla hata sijaketi. Alishusha pumzi ndefu, akasema, "Basi." Jumamosi iliyofuata tukazika tunda la yago, tukalia, kisha tukala. Tangu hapo jioni zake Mama huzimaliza barazani, akisimuliana na majirani, na akilala analala kweli. Mimi mwenyewe nimejisikia mwepesi, wala sihitaji kupanda angani tena.

Wewe unayetamani kwenda huko, nenda, kunapendeza. Lakini ukimkuta mtu wako, msalimie, msikilize, kisha umwachie mkono mapema. Si kila marehemu atakufunga mkanda.