Kidole cha Pete na Vitabu vya Kale vya Gitaa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ndogo ya muziki jijini Dallas, sikugusa gitaa. Mkuu wa shule, mama wa makamo asiye na haraka, alinikalisha mbele ya nakala za vitabu vya mafunzo vilivyotungwa karibu karne mbili zilizopita, akaniambia nivisome kabla sijamfundisha mtu. Nilikuwa nimepiga gitaa la kwaya Moshi, nikasomea muziki hapa Texas, na nilidhani najua.

Ninyi mnaojifunza kwa video, jueni kwamba waliotunga vitabu hivyo walikuwa wapigaji wenyewe, Wahispania na Waitaliano walioacha kwao, wengine kwa sababu ya vita, wakaenda kutafuta riziki Paris na Vienna. Gitaa lao lilikuwa dogo kuliko letu, na nyuzi zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Kitabu kilianza na namna ya kukaa, kikaja kwenye arpejio, yaani nota zinazopigwa moja baada ya nyingine badala ya kwa pamoja, kisha etyudi, vipande vifupi ambavyo kila kimoja hufundisha jambo lake. Na walibishana: mmoja alitaka uzi uguswe kwa nyama ya kidole, rafiki yake akashikilia kucha.

Baada ya miaka kadhaa nilihamia chuo kimoja Houston. Mkuu wa Idara alikuwa mzee wa Kitexas, mkali lakini wa haki. Huko ndiko upepo wa mvua ulikoubamiza mlango wa gari kwenye mkono wangu wa kulia. Madaktari waliushona vizuri, ila kidole cha pete kikabaki kimenyooka kama penseli. Mpigaji wa leo hutumia gumba na vidole vitatu vinavyofuata. Mimi nilibaki na viwili na gumba.

Mkuu wa Idara aliniita.

"Elias, nakuheshimu," alisema. "Lakini mwalimu wa hapa lazima aonyeshe kwa mkono wake. Ofisini kuna nafasi ya kupanga maonyesho. Ichukue."

Nilimwomba anipe mpaka mwisho wa muhula. Alikubali, kwa sharti kwamba nitapiga mbele yake na walimu wenzangu.

Mke wangu Neema, ambaye ni nesi, ndiye aliyenirudisha nyumbani kwa gari siku hiyo. Aliniambia kwa upole, "Kazi ya ofisini si aibu, Baba Furaha."

"Si aibu," nikamjibu. "Ila si yangu."

Nikarudi kwenye vitabu. Mhispania mmoja alikuwa ameeleza kwamba yeye hutegemea gumba, kidole cha shahada na cha kati, na kidole cha pete hukiita kwa nadra. Zamani nilisoma maneno hayo kama historia tu. Sasa niliyasoma kama mtu aliyepewa ruhusa. Nilizipitia etyudi zake moja moja, nikabadilisha mpangilio wa vidole, nikalifundisha gumba kupanda kwenye nyuzi ambazo halikuzizoea. Mkono uliuma mpaka kiwiko. Neema alinifunga kidole kibovu kwa plasta kisinase kwenye nyuzi, akaacha kuzungumzia ofisi.

Siku ilipofika, nilipiga. Niliteleza mahali pamoja, nikaendelea. Mkuu wa Idara aliomba nirudie etyudi ya mwisho, akasogeza kiti kuutazama mkono.

"Na tremolo?" akauliza. Hiyo ni namna ya kupiga uzi mmoja kwa vidole vinavyopokezana upesi, mpaka sauti isikatike.

"Tremolo siwezi tena."

Alirudisha kiti mahali pake. "Basi wafundishe wanaoanza. Wakifika kwenye tremolo, nitawachukua mimi."

Iliniuma, kwa maana wanafunzi waliokomaa ndio niliowapenda zaidi. Nilikubali, na nikafanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mwishoni tulirudi kaskazini, upande wa Dallas, nikafundisha watu wazima kanisani Haltom City. Wengi walikuwa Warundi wanaofanya kazi kwenye maghala na hoteli. Mama Spès, ambaye vidole vyake vilikakamaa kwa kufunga maboksi, aliuliza kama mkono wake utaweza. Nilimwambia tutazame ni vidole vipi vinavyokubali, tuanzie hapo. Ilimchukua muda mrefu, lakini alipiga kwenye Misa ya Pasaka, na wajukuu wake wakamshangilia kwa Kiingereza.

Sasa nimestaafu, naishi Irving. Watu huniuliza kama siku hizi napumzika. Napumzika, ndiyo, lakini asubuhi lazima nikae na gitaa. Waliotunga vitabu vile hawakuniahidi kwamba siku moja nitamaliza. Leo nimekwama katikati ya etyudi moja ngumu, nikaenda kunywa chai. Nikimaliza kuandika haya, narudi pale pale nilipokwama.